Maua ya Harufu Juu ya Kambale

Kwa nini sifa aliyopewa shemeji iliniumiza kuliko tusi la adui? Ndugu zangu wa ushirika, swali hilo ninalo tangu masika yaliyopita, na leo nimesimama nalo mbele yenu.

Bruda wa misheni alitufundisha, mimi na kaka wa mke wangu, kupika bia ya kimea cha mtama kwa maua makavu aliyoyaita hopsi. Yako ya namna mbili. Ya uchungu huchemshwa tangu mwanzo, hadi harufu yake yote iishe. Ya harufu hutiwa mwishoni, chungu kikikaribia kuepuliwa. Kwa kuwa nilikuwa na shahada na saa ya mkononi, nilikabidhiwa ya uchungu. Shemeji akapewa ya harufu.

Nawaambieni, hakuna anayenusa kikombe akausifu uchungu. Hata Bwana DC alipopita Ifakara alinusa, akauliza fundi ni nani, na watu wote wakamwonyesha shemeji.

"Shemeji," akanitania mbele yao, "chuo kikuu kimekufunza kuchemsha tu?"

Nilicheka pamoja nao. Nyumbani sikula. Nikaanza kuzunguka mbali nisipite Katindiuka, nisilione hata paa la nyumba yake.

Arusi ya binti yangu ilipokaribia, nilimwomba bruda kifuko cha maua ya harufu, nikakificha ndani ya debe. Nilikusudia kupika peke yangu. Jioni moja shemeji akaja na kikapu cha maua yake ya harufu.

"Nusa."

Moshi na samaki.

"Niliyaweka uchagani kwenye moshi, juu ya kambale, yasipate unyevu. Si ndivyo tunavyotunza mbegu? Sasa mjomba gani huyu, anayempikia mpwa wake bia ya kambale?"

Ndugu zangu, nilifurahi. Furaha ile ndiyo iliyonitisha.

Alipoondoka, mke wangu alisema neno moja tu: "Bia ni ya mtoto." Namshukuru kwa neno hilo, na kwa yote aliyoyanyamazia. Namshukuru bruda, nanyi mnaonisikiliza bila kunicheka. Nililojifunza ni dogo: kijicho sikukishinda kwa kukikemea. Kilianza kulegea mikono yangu ilipofanya jambo ambalo kijicho hakilitaki.

Asubuhi yake nilitoa kifuko debeni, nikashika njia ya Katindiuka, ile iliyonyooka. Shemeji alikuwa akipanga mafiga. Nikampa kifuko, akakinusa.

"Umeyapata wapi?"

"Niliyaficha."

"Ili?"

"Ili nikushinde."

Akasogea kunipa nafasi mekoni.

"Haya, chochea moto, shemeji. Maua yako ya uchungu ndiyo yanaanza."