Mtahiniwa wa Kumi: Maisha ya Mwalimu Rudia (1967–2025)

Ndugu, majirani, wanafunzi na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono: tunasimama mbele yenu tukiwa bado hatujaamini. Wasifu huu umeandikwa mara mbili. Wa kwanza uliandikwa Jumanne jioni, na ulikuwa na kosa ambalo sisi tuliobaki tumeliamini miaka yote, kwa kuwa wazazi walioujua ukweli walishatangulia. Huu ndio wa pili, nasi tunaomba mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1967, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, na mama yake alifua nguo za watu. Kaka yao mkubwa alitangulia mbele ya haki akiwa mdogo. Mdogo wake, kitinda mimba, alizaliwa miaka kumi na minne baada yake, na marehemu alimbeba mgongoni kiasi kwamba wageni walidhani ni mwanawe. Anayewasomea maneno haya ni mtoto wa huyo kitinda mimba, na marehemu alikuwa mama yake mkubwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1975. Alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwahi kutoka nje ya watano bora darasani. Katika rasimu ya kwanza tuliandika kwamba alihitimu elimu ya msingi mwaka 1981. Si kweli. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1981, siku ya kwanza ya mtihani wa mwisho, sare yake ilikuwa imepigwa pasi na penseli mbili zimechongwa. Kabla hajatoka, uchungu wa uzazi ulimshika mama yake. Baba alikuwa kazini. Marehemu alikimbia kilomita tatu kumwita mkunga, akarudi naye, akachemsha maji, na saa nne asubuhi akapokea mtoto mikononi. Siku ya pili ya mtihani mama hakuwa na nguvu ya kusimama, naye akabaki kumuuguza. Baba aliahidi kwamba angefanya mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata ghala lilifungwa.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mfagizi katika shule ileile aliyosoma, na alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Mwalimu wa hesabu wa zamani hizo, ambaye sasa amestaafu na yuko nasi hapa, anasema hakuwahi kuona mtu anayefagia taratibu kama yule. Alikuwa akibaki chini ya dirisha la darasa la saba mpaka kipindi kiishe. Siku moja mwalimu alimchokoza: "Dada, hapo chini ya dirisha pana uchafu gani usiokwisha?" Akajibu bila kuinua kichwa: "Uchafu hakuna, mwalimu. Ile njia ya pili ya kugawanya sehemu ndiyo sijaielewa." Tangu siku hiyo mwalimu akawa anamwazima vitabu. Sisi nyumbani tulimwona navyo, tukadhani ni mazoea ya mtu aliyesoma.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 12 Januari 1991, na fundi baiskeli. Walikutana alipompelekea baiskeli ya shule yenye pancha. Fundi alimwambia arudi baada ya saa moja. Marehemu akasema, "Rudia, umesema saa moja au siku moja? Maana nyie mafundi nawajua." Fundi anasema alirudia, na hakuacha kurudia kwa miaka thelathini na minne. Walijaliwa watoto wawili: wa kiume ni fundi umeme, na wa kike ni dereva wa lori. Jumatano wiki hii mume wake alipoulizwa kama alijua kuhusu mtihani ule wa 1981, alisema, "Sikujua. Nilioa mke, sikuajiri karani. Ningemdai cheti kwa lipi?"

Kituo chetu cha elimu marehemu alikianzisha tarehe 3 Februari 2003 katika stoo ya fundi cherehani, rafiki yake wa karibu kuliko wote. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto watano waliokuwa wakizurura sokoni kwa kukosa sare. Walikaa juu ya marobota ya vitambaa. Utaratibu wake ulikuwa mmoja, na ndio uliompa jina la Mwalimu Rudia: kila aliyejifunza jambo alipaswa kwenda kulifundisha kwa mtu mmoja nyumbani, na kesho yake amlete mtu huyo alirudie mbele ya wote.

Mwezi haukuisha wazazi wakaanza kuja, na wengi walikuja na malalamiko. Mama mmoja aliingia na kanga begani, akasema, "Mwalimu, huyu mwanangu ananifundisha kama anaswaga ng'ombe. Nikikosea ananifinya."

"Amekufundisha nini?"

"Herufi sita."

"Zirudie."

Mama akazirudia zote sita. Marehemu akamwambia, "Umekuja kumshtaki, umemsifu. Kaa hapo, herufi ya saba tunaianza sasa hivi." Hivyo ndivyo darasa la watu wazima lilivyoanza. Vijana nao wakafuata, wakajifunza kushona alasiri kwa fundi cherehani baada ya kumaliza hesabu kwa marehemu, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kugusa mkasi kabla hajajua kupima. Daftari la kituo lina majina elfu moja, mia moja na arobaini. Wamo waliojifunza kusoma wakiwa na miaka sita, na yumo bibi aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini na moja, akasema limekuwa refu kuliko alivyodhani.

Mwaka huu watu wazima kumi walikuwa tayari kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Lakini kituo cha mtihani hakifunguliwi kwa watahiniwa walio chini ya kumi. Mwezi Julai mmoja wao alihama, wakabaki tisa. Tisa hao wangelazimika kwenda kituo cha mbali, kilomita arobaini, na kulala huko siku mbili. Mama Mapacha, mfua nguo aliyesoma nasi kwa miaka minne, alikuwa mjamzito na angejifungua Septemba, miezi miwili kabla ya mtihani. Mpagazi wa sokoni alikuwa amepewa ruhusa ya saa chache tu. Wote walianza kusema labda mwakani.

Tarehe 31 Julai, siku ya mwisho ya usajili, marehemu alikwenda na fundi cherehani kupiga picha ndogo za pasipoti. Fundi cherehani alipigwa na butwaa. "Mwalimu, wewe? Wanasajili wasio na cheti tu."

"Sina cheti cha kunizuia."

"Na ukifeli?"

"Nikifeli, watoto watanicheka wiki moja, wataacha. Hawa tisa wasipofanya, nani atacheka?"

Ndipo alipomsimulia habari za tarehe 6 Oktoba, na kumtaka asimwambie mtu. Hasa asimwambie mdogo wake, kwa kuwa hakutaka aione siku yake ya kuzaliwa kuwa deni.

Marehemu hakuugua. Hili tunaliandika kwa sababu wengi wenu mmetuuliza, na sisi wenyewe tunaulizana. Jumapili alifua mapazia. Jumatatu alifundisha vipindi vitatu. Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne na robo asubuhi, akiwa ubaoni mbele ya watoto, alisema kichwa kinamuuma upande mmoja. Aliketi kwenye benchi, akaomba maji, akawaambia watoto, "Endeleeni, nawasikia." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Mume wake na fundi cherehani walimfikisha hospitali saa tano na dakika ishirini, na daktari akawaambia kwamba mshipa wa damu kichwani ulikuwa umepasuka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ubao tuliukuta na hesabu iliyofika katikati.

Jumatano asubuhi mdogo wake alifungua droo ya kituo kutafuta kitambulisho kwa ajili ya kibali cha mazishi. Akatoa kadi ya mtahiniwa, namba 010, yenye picha ya dada yake.

"Shemeji, hii ni nini?"

Mume akaigeuza mbele na nyuma. "Picha ni yake. Mengine sijui."

Fundi cherehani, aliyekuwa mlangoni, akaketi chini akatuambia yote. Mdogo wake marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Kila mwaka tarehe ile alikuwa wa kwanza kunipigia simu. Hata siku moja sauti yake haikubadilika."

Jioni hiyo watahiniwa tisa walikuja kutupa pole. Mtihani ulikuwa Jumatatu na Jumanne, tarehe 10 na 11 Novemba. Hakuna aliyetaka kuuliza, mpaka Mama Mapacha, na watoto wake wa miezi miwili wakiwa mmoja mgongoni na mmoja mapajani, alipouliza kwa niaba ya wote: "Samahanini, wafiwa. Sasa tuko tisa. Kituo kitafunguliwa?"

Mdogo wa mume akashauri taarifa ya kifo isipelekwe kwanza. "Marehemu hana haraka. Tuipeleke Jumatano ijayo, wakishamaliza." Wengi waliitikia kwa kichwa.

Mume akakataa. "Ikigundulika baadaye, watafutiwa matokeo wote tisa."

"Lakini yeye mwenyewe alificha, shemeji," alisema mdogo wake marehemu.

"Alificha la kwake. Hili ni la watu."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mume na mdogo wake marehemu waliingia ofisi ya mitihani na kadi pamoja na cheti cha kifo. Ofisa alivisoma vyote viwili, akavua miwani. "Huyu mama namkumbuka. Mwezi wa saba aliniuliza swali moja mara tatu, mpaka nikafungua kitabu cha kanuni." Swali lenyewe alikataa kulisema mpaka apate idhini ya wakubwa wake. Waliondoka bila jibu, na usiku huo hatukujua tuwaambie nini wale tisa.

Jana Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, ofisa alipiga simu. Kanuni inahesabu watahiniwa waliosajiliwa hadi siku ya kufunga usajili. Hilo ndilo marehemu alilokuwa ameuliza mara tatu: mmoja akipatwa na jambo katikati, je, wenzake watafungiwa? Alikuwa akimfikiria Mama Mapacha, aliyekuwa karibu kujifungua. Kituo kitafunguliwa. Karatasi kumi zitaletwa, na moja itarudishwa ikiwa imefungwa kama ilivyokuja.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja na mtoto wa mdogo wake. Ameacha fundi cherehani, ambaye tangu leo tunamhesabu kuwa ndugu wa tumbo moja. Ameacha watoto thelathini na wanane wa darasa la asubuhi, ambao wataendelea na mwalimu wa hesabu kuanzia wiki ijayo, na vijana kumi na wanne wa ushonaji. Ameacha watahiniwa tisa.

Kwenu ninyi tisa, familia ina ombi. Tumewaona tangu Jumatano mkichota maji, mkipanga viti na kuosha sufuria. Leo tukishamaliza makaburini, msirudi nyumbani kwetu. Vyombo tutaviosha wenyewe. Nendeni mkasome. Jumatatu saa mbili kamili mlango utafunguliwa, na ndani kuna viti kumi. Kaeni popote mnapopenda.

Mwalimu Rudia, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika kwa amani.