Kompyuta ya Kitsao Imeshiba

Shella hii ya Malindi maskani za kahawa ni nyingi, lakini yenye kompyuta yake ni yetu peke yetu, na anayebisha na aje abishie hapa. Imo dukani mwa Kitsao, nyuma ya benchi letu. Kuukuu, sikatai, lakini kadi za harusi na picha za mtaa mzima zimepitia humo, ndiyo maana Kitsao tukamwita Injinia. Leo asubuhi, kahawa ndiyo kwanza yamiminwa, katoka dukani amenuna: mashine imejaa, haitaki kuchapa chochote.

— Imejaa nini, Injinia? akauliza Ziro, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kuuza dawa ya mbu.

— Akiba! Kila Ijumaa yajinakili yenyewe, yote, na picha zake. Ikiharibika, nairudisha ilivyokuwa. Sijafuta nakala hata moja tangu niinunue. Malindi nzima nani mwingine anayo hiyo?

— Hakuna! tukaitikia, vifua mbele.

— Haba na haba hujaza kibaba, Ziro akampongeza.

— We Daktari, kibaba kujaa ndiyo ugonjwa wenyewe! nikamwambia. Kitsao, si ufute za zamani?

— Nifute? Akiba haiozi, bwana!

Musyoka, dereva wa malori mstaafu, jina lake hapa ni Mizani, akaweka kikombe chini.

— Mimi nimepita mizani ya Mariakani miaka mingi. Hiyo mzigo imelalia upande moja. Laza kompyuta ubavu, itajipanga.

— Wapi! Ni joto hili, akasema Ziro. Nakala zavimba kama maharagwe yaliyorowekwa. Itie kwenye friji ya samaki.

— Itanuka! Kitsao akakataa.

— Basi zinazaana humo ndani. Tenga za kike na za kiume!

Tulikuwa bado twacheka alipofika msichana amejitanda leso.

— Shikamooni. Naitwa Caroline, natoka Kaloleni. Mama alipigwa picha ya pasipoti hapa. Hatuna nyingine yoyote. Kesho twamzika, nataka ichapwe kubwa, iwekwe juu ya jeneza.

Kicheko kikakatika. Tukampa pole, tukamsogezea nafasi akaketi. Kitsao akajinyoosha.

— Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Picha ya mamako ipo, tena imo ndani ya kila nakala. Kwangu hakipotei kitu. Ngoja tu mashine ipate nafasi.

— Ahsante, baba. Na hizo nakala umeziweka wapi?

— Humohumo ndani ya kompyuta.

— Na kompyuta yenyewe ikifa?

Musyoka akawa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Mimi niliyejigamba kuliko wote nikaona haya, wallahi. Kitsao akaiacha kahawa yake pale pale benchini, akasimama.

— Una flashi ya kuwekea picha, mwanangu? Njoo ndani. Tumtoe mamako kwanza.