Mzee wa Benchi, Aliyemsubiri Mkwewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, wadogo zangu wamenisukuma mbele wakidai nina sauti ya baba, basi nikikwama mnivumilie.

Baba yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, kitindamimba wa kinyozi na muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga unga, akabatizwa kabla hajatimiza mwezi, akasoma shule ya misheni kuanzia 1958 hadi 1965, alikopata Kipaimara na, kwa maelezo yake mwenyewe, viboko vya kutosha darasa zima.

Alijifunza ufundi sofa kwa mjomba wake, na mwaka 1982 akavuka mipaka kutafuta maisha, akaajiriwa katika karakana ya nyuma ya kituo cha reli, alikofanya kazi hadi kustaafu, misumari midogo mdomoni, akiimba bila kufungua meno. Jumapili ya kwanza katika kanisa hili hakuna aliyemsalimia, Jumapili ya pili akaja na nyundo, na kama leo magoti yenu hayalalamiki, sponji iliyo kwenye mbao za kupigia magoti ni kazi yake.

Hapa hapa kwenye ngazi alikutana na mama, mgeni mwenzake, mfuaji wa nguo za hoteli, wakaoana ofisi ya serikali tarehe 20 Juni 1986, kwa kuwa vibali vya kuishi havingoji mtu, lakini ndoa ya kanisani ikabaki kiporo. Siku mama alipoondoka kwao, akiagana stendi ya basi na bibi, mama yake mzazi, bibi akilia, alimwahidi kwamba hataolewa kanisani bila yeye kuwepo, na bibi hakuwa na viza. Baba alisema ahadi ya mke wake ni ahadi yake, ingawa kwa sheria ya Kanisa hali hiyo iliwanyima wote wawili Ekaristi, na ilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Tukazaliwa watatu, mwaka 1987, 1990 na 1994. Tarehe 12 Mei 1996 nilipokea Komunyo ya Kwanza, wazazi wa wenzangu wakawafuata nyuma, wangu wakabaki wamekaa, nilipogeuka nikamwona baba amejaziwa watoto wa watu mapajani, maana akina mama waliokwenda kupokea walishazoea kumwachia, ndipo lilipotoka jina la Mzee wa Benchi. Watu husema alikuwa akitabasamu. Mimi niliyaona macho yake, hakuwa akitabasamu.

Bibi alipata viza mwaka 2003. Alipoambiwa kwamba harusi ilikuwa ikimngoja yeye, aliweka kikombe chini akasema, “Jamani! Mimi nilidhani yale ni maneno ya kumbembeleza mtu anayelia!” Kumbe miaka kumi na saba alikuwa akisali rozari ili mkwe wake mkaidi alainike moyo, amwoe binti yake kanisani, na kwa heshima ya ukwe hakuuliza, na baba kwa heshima ile ile hakujieleza, naye mama akiamini bibi anaikumbuka ahadi. Tulicheka mpaka tukalia, isipokuwa baba, yeye alianza na kulia. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2003, wakapokea pamoja, kisha baba akarudi kwenye benchi lake, asitoke mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Machi 2025, nyumbani, paroko alimpa Mpako wa Wagonjwa, akaimega hostia, kwa kuwa koo lilikubali chembe tu, baba akapokea chembe hiyo kwa kijiko cha maji, na sehemu iliyobaki akapokea mama, amekaa kitandani kando yake. Adhuhuri akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa yetu walioleta viti kabla hatujaomba, na mafundi wenzake waliotandika kitambaa ndani ya jeneza, wakarudia mshono mara ya pili, wakijua angeukagua.

Baba, tangu umwoe mama hukuwahi kwenda mezani pa Bwana bila yeye, leo umetangulia, basi pumzika kwa amani, mshikie nafasi, na tafadhali usimharakishe, kusubiri unakuweza.