Wembe ya Matanga

“Inama nikunyoe hapa hapa, Kathembo!” “Mama, watu iko naangalia.” “Waangalie! Baba yako iko mu udongo, watoto yote wamenyolewa, wewe tu na nywele. Mutoto moja akibaki, matanga haiishi.”

Lori ilitutoa Bwera, mimi na mama huyo na kijana wake, tumekaa juu ya mawe ya chumvi ya ziwa Katwe. Inakata matako, lakini masikio yangu ilikuwa kwao. Kijana anaenda Nairobi, kusomea kutengeneza sinema.

“Wanafunzi ya kule watanicheka, mama.” “Utaonesha watu sura ya watu. Ya baba yako, hata matanga yake hukumaliza, utatoa wapi?”

Kijana akavuta kofia mpaka masikio. 

Kasese, steseni ya treni ya Nairobi, lori ikasimama. Mama akafunga wembe mu kitenge, akashuka. Kathembo akavua kofia, akainama, akamwita, “Mama, ninyoe!” Mama alikuwa amegeuka, anaenda.