Mwalimu Kokulinda na Bastola Mbili

Ijumaa, tarehe 29 Agosti, Bibi Kokulinda Muganyizi atakabidhi funguo za ghala letu la silaha hapa Nyakato na kuhitimisha miaka ishirini na sita ya utumishi. Wakubwa wameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa moyo wenyewe haumo.

Alianza kama mlinzi wa lango katika kiwanda cha samaki, na filimbi na rungu. Baadaye kampuni yetu ya ulinzi ikampeleka kusomea silaha, akarudi kuwa mkufunzi wetu. Sisi sote, nikiwemo mimi Luhende, tulishika bastola kwa mara ya kwanza mbele ya macho yake, na karibu sote tulikaripiwa.

Darasa lake la kwanza halikubadilika. Aliweka mezani bastola mbili tupu, Browning na Makarov, akatuambia tuchague. Mabinti walikimbilia Makarov, kwa kuwa ni fupi, nyembamba na nyepesi. Wanaume wenye vifua walibeba Browning, nzito, yenye mpini mnene unaomeza risasi kumi na tatu dhidi ya nane za mwenzake. Kisha akatuamuru tukoki, yaani tuivute nyuma sehemu ya juu ya bastola, na hapo vicheko vikaanza. Makarov ina springi ngumu na pa kushika ni padogo. Ukiifyatua, inakichapa kiganja. Browning, pamoja na ukubwa wake, huvutika vizuri zaidi na hutulia mkononi, ila kwa vidole vifupi mpini wake ni mateso. Kwa hiyo alipima kwanza kiganja cha kila mlinzi, ndipo akampa silaha. Hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyewahi kujeruhi mtu kwa bahati mbaya.

Hujafa hujaumbika. Mwaka juzi baridi yabisi ilimwingia vidoleni. Tuliona ameiacha Makarov. Akasema siku hizi anaipenda zaidi Browning, nasi tukajifanya tumeamini. Alimeza dawa za hospitali, akakanda kwa maji ya moto, akaomba asomewe misa. Vidole vikazidi kupinda.

Mwezi Mei, mbele ya walinzi wapya, aliivuta Browning nayo ikagoma. Akajaribu tena hadi jasho likamtoka. Binti mmoja, Rebeka, akamwomba kwa heshima amruhusu amsaidie. Mwalimu akailaza bastola mezani, mdomo ukielekea kwenye shabaha kama alivyotufundisha, akasema, "Siku zote nawaambia mkono hausemi uongo. Leo umenisema mimi."

Wiki hiyo hiyo aliomba kustaafu, miaka mitatu kabla ya wakati wake. Hatujapata wa kushika nafasi yake, na sioni atakayepatikana. Anarudi kwao Muleba, anasema anakwenda kuchuma kahawa ya marehemu baba yake. Kahawa nayo huchumwa kwa vidole. Yeye analijua hilo, nasi tunalijua, na inatuuma.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila kiganja ulichokipima. Mungu akupe huko uendako jua la asubuhi, na watu wa kukufungulia mlango kabla hujaomba.

Nanyi mtakaopanga mstari kumuaga siku ya Ijumaa, nawasihi: msimpe mkono. Hatakataa, atautoa kwa heshima yenu, na usiku hatalala. Mwamkieni shikamoo, mpite.