Namba Kwanza, Ndipo Ugumie

Nilianza kazi hapa Jumatatu moja, saa mbili na robo asubuhi, na sauti ya kwanza iliyonipokea haikuwa ya kunikaribisha. Ilikuwa ya mtu anayegumia. Sauti nzito, ndefu, inayoanzia tumboni na kuishia puani, ikitokea nyuma ya ubao unaotenganisha kaunta na chumba cha majalada. Nilidhani mtu anakata roho. Nilinyakua glasi ya maji mezani kwa mtu nikakimbia nayo, nikamkuta baba mmoja mnene, amevaa suti, amelala chali kwenye benchi, viatu kavivua, simu sikioni. Mbele yake alisimama mwanamke mfupi wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, anatikisa kichwa kama mwalimu wa kwaya.

“Hapana, baba,” alisema. “Umeharakisha. Namba kwanza, ndipo ugumie. Rudia.”

Yule baba akarudia. Yale maji niliyanywa mwenyewe.

Mwanamke huyo ndiye Mama Dharura, ambaye tarehe thelathini mwezi huu anastaafu baada ya kuitumikia kaunta ya bima ya afya ya safari kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Nimekaa meza ya jirani yake kwa miaka mitatu tu, lakini nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya Meneja, mimi ndiye ninayeandika hata pale ambapo hakuna aliyeniomba.

Hakuja hapa kuuza bima. Aliajiriwa kama mpiga chapa, na mwandiko wake wa mkono hadi leo una nidhamu ya mashine. Siku moja aliombwa ashike kaunta kwa wiki moja, kwa kuwa mwenye kaunta alikwenda likizo ya uzazi. Mwenye kaunta hakurudi. Mtoto yule sasa ana ndevu, na kwa mujibu wa jalada lake, Mama Dharura bado anamshikia mtu nafasi.

Wageni huuliza benchi lile la mbao lilifikaje kwenye ofisi ya bima. Lililetwa na mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka wa nne wa Mama kwenye kaunta, mfanyabiashara huyo alisafiri na cheti chetu mfukoni, akashikwa na kidole tumbo ugenini, usiku, peke yake chumbani hotelini. Alifanya kila alichoelekezwa. Alipiga namba ya kituo cha dharura, na mhudumu wa simu, binti mwenye adabu zake, akapokea akauliza habari. Mgonjwa akajibu nzuri. Akauliza za huko. Akaambiwa salama. Akauliza watoto, kazi, na kama mvua zimeanza. Walikuwa wamefika kwenye mvua simu ilipokatika. Aliyemwokoa ni mfagiaji wa hoteli, aliyesikia kishindo cha mtu kuanguka.

Aliporudi, mshono ukiwa bado mbichi, alipita kwenye kaunta. Hakuja kulalamika, alikuja kusalimia. Mama alimuuliza kwa nini hakusema anaumwa.

“Ningeanzaje na tumbo, mama,” alisema yule bwana, “na hata hatujasalimiana?”

Mama Dharura husema hakulala usiku ule. Aligundua kwamba cheti alikuwa akikiuza vizuri, lakini watu wetu walikuwa na maradhi ambayo bima yoyote haiyatibu: mtu yuko mahututi, ukimuuliza hali atakwambia njema. Kuanzia hapo akaweka utaratibu ambao haumo katika kitabu chochote cha kampuni. Hakuna cheti kinachogongwa muhuri kabla msafiri hajafanya mazoezi ya kuugua. Utalala. Utapiga namba ya kituo mbele yake. Utataja namba ya cheti, mahali ulipo, kinachouma, dawa unazotumia. Kisha, ukipenda, utagumia. Ukithubutu kusema “nzuri”, unaanza upya. “Salamu utampa ukipona,” huwaambia. Mfanyabiashara wa vitambaa alileta benchi kama shukrani. Mto ulitoka nyumbani kwa Mama.

Waliopita kwenye benchi hilo hawana idadi. Bwana harusi mmoja aliona haya kugumia mbele ya mkewe wa siku tatu, mke akalala badala yake na kugumia kwa niaba ya ndoa. Mwalimu mstaafu aligoma kulala, akaugua akiwa amesimama, na alifaulu. Kuna ile siku ya kwaya. Walikuwa ishirini na sita, na kwa kuwa muda ulikuwa mdogo Mama aliwaruhusu wafanye mazoezi kwa pamoja. Waligumia kwa sauti nne, besi ikiingia mwisho. Mlinzi wa mlangoni alipanda ngazi mbio na mtungi wa kuzimia moto, na alipoulizwa moto uko wapi alijibu kwamba hilo ndilo janga pekee alilofundishwa. Kituo cha dharura nacho kiliwahi kuleta barua ya malalamiko kuhusu simu hizi za mazoezi. Mwaka uliofuata kilileta ya pongezi: wateja wa ofisi yetu, iliandikwa, ndio pekee wanaojua wanachopiga simu kusema.

Mameneja watatu kwa nyakati tofauti waliagiza benchi liondolewe. Wote watatu walipata safari za nje, na wote watatu walilala.

Yeye mwenyewe hakuwahi kusafiri. Anaujua mlango wa wagonjwa wa dharura wa hospitali nyingi katika miji ambayo hata stendi yake ya mabasi hajaiona, lakini ndege aliijua kwa mngurumo tu, ikipita juu ya paa. Sasa atapanda. Binti yake, mtoto wake wa pekee, anaishi ng’ambo na anatarajia kujifungua kwa mara ya kwanza katikati ya mwezi ujao. Tiketi ya Mama ni ya tarehe tatu, siku tatu baada ya kustaafu. Masanduku yamefungwa tangu mwezi uliopita.

Yafuatayo yamo humu kwa ruhusa yake. Ameyasoma yote na kufuta sentensi moja, iliyohusu umri wa viatu vyake.

Mfanyakazi haruhusiwi kujiandikia cheti mwenyewe, kwa hiyo Jumanne ya wiki iliyopita fomu yake ya afya ilitua mezani kwangu. Swali la saba huuliza kama msafiri ana ugonjwa wa kudumu au dawa anayotumia kila siku. Kwa mwandiko ule wa mashine, Mama Dharura alikuwa ameandika: Hakuna.

Hiyo “Hakuna” sikuiamini. Kila siku saa nne, kabla ya chai, Mama hufungua kikopo cha pini, akatoa kidonge kidogo cheupe na kukimeza. Ukimtazama hukwambia ni vitamini za uzee. Mwaka jana kimoja kilidondoka chini ya meza yangu, nikakiokota. Baba yangu anameza hicho hicho, chenye mstari katikati. Ni dawa ya presha.

Nilielewa kwa nini ameandika vile. Angeandika ukweli, ingehitajika barua ya daktari, na daktari angeweza kusema subiri, na mtoto hasubiri. Lakini aliyenifundisha ninachokijua kuhusu swali la saba ni yeye. Akiugua huko kwa jambo alilolificha, cheti chetu ni karatasi tu. Binti yake, na kichanga cha siku mbili mkononi, ndiye angebaki akihangaika naye kwenye korido za hospitali.

Mimi si mtu jasiri. Maneno niliyafanyia mazoezi siku mbili, bafuni na njiani. Alhamisi nikasimama mbele ya kaunta yake.

“Mama, swali la saba.”

“Limejibiwa.”

“Limejibiwa vibaya.”

Akashusha miwani. “Binti, hilo swali nimelitunga mimi.”

Ni kweli. Alikuwa kwenye kamati iliyoandika fomu. Nikashika utaratibu aliotufundisha.

“Basi, mama,” nikasema, “lala.”

Katika miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumwona Mama Dharura kwenye lile benchi hata ameegemea. Tarishi alisogeza kiti chake karibu bila hata kujifanya ana kazi upande ule. Mama alinitazama, akaitazama ofisi nzima, akavua viatu, akalala, akakunja nguo vizuri magotini. “Mto huu mgumu,” alisema. “Watu wameuvumilia miaka yote hii?”

Nikapiga namba ya kituo na kufungua spika. Aliyepokea ni mhudumu wa siku zote, anayemjua Mama kwa sauti kama anavyomjua shangazi yake.

“Kituo cha dharura, habari yako?”

“Nzuri, mwanangu, za huko?”

Ofisi iliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika kwa mlinzi. “Namba, mama, namba,” tarishi akamkumbusha kwa ile sauti yake Mama mwenyewe, na kwa jinsi alivyoipatia nilijua anaifanyia mazoezi nyumbani. Tukaanza upya. Mara ya pili aliulizwa anajisikiaje, akajibu hajambo kabisa, amejinyoosha tu kidogo. Alikuwa haigizi. Hapo ndipo nilipoona kwamba mwanamke aliyewafundisha nusu ya wasafiri wa mji huu kusema “naumwa” hakuwahi kulitumia neno hilo mwenyewe. Mganga hajigangi. Na mimi niliyekuwa nikicheka ni yule yule ambaye mama yake akipiga simu jioni, siku iwe imekwendaje, humwambia nzuri.

Mara ya tatu namba ilitoka sawasawa. Mahali, sawasawa. Kisha mhudumu akauliza, kama anavyotakiwa kumuuliza kila mtu: “Una ugonjwa wowote wa kudumu, au dawa ya kila siku?”

Ukilala kwenye benchi lile, macho yako yanaangukia karatasi iliyobandikwa ukutani. Mama aliibandika pale makusudi, kwa ajili ya waliolala, na ameiandika kwa mkono wake: Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilimwona akiisoma. Aliisoma hadi mwisho, kama iliyoandikwa na mtu mwingine ambaye hampendi sana.

“Presha,” alisema. “Mwaka wa tisa huu.” Halafu, taratibu zaidi: “Na binti yangu hajui.”

“Pole, mama,” spika ikasema. “Asante kwa kuniambia.”

Ndipo akagumia. Tarishi anashikilia kwamba ni mgumio bora kuliko yote iliyowahi kutoka kwenye benchi lile. Sina hakika kama alikuwa anaigiza.

Aliinuka, akavaa viatu, akaomba fomu yake. Aliikata “Hakuna” kwa rula, mstari mmoja, akaandika “Presha” juu yake na kutia saini pembeni, kama anavyowafundisha wateja. Kesho yake alikwenda kwa daktari akiwa na uso wa mtu anayepelekwa mahakamani. Daktari alimpima, akamgombeza, akabadilisha dawa, akaandika barua: anaweza kusafiri, asibebe mzigo wowote, na ndani ya ndege ainuke atembee kila saa. Mchana ule alimpigia binti yake na kumwambia ukweli. Binti alilia kidogo, kisha akamsema nusu saa nzima. Alipochoka kusema, akakiri kwamba yeye naye amelazwa kitandani kwa amri ya daktari wiki ya pili sasa, na kila akiulizwa alikuwa akijibu nzuri ili asimtie mama wasiwasi.

Mama Dharura aliweka simu mezani. “Karithi,” alisema, akaendelea na mteja.

Kwa niaba ya ofisi nzima, ya wale walioweza kurudi nyumbani kwa sababu walijua cha kusema kwenye simu, na ya mlinzi, ambaye ameomba itajwe kwamba siku hizi anapanda ngazi na machela pia: asante, mama. Tunakutakia ndege tulivu, mjukuu mwenye mapafu ya besi, na cheti cha bima utakachokirudisha kikiwa hakijakunjuliwa. Ukiulizwa hali, sema ilivyo. Benchi halitoki. Kuanzia tarehe moja nitasimama mbele yake mimi, nami nimeanza mazoezi ya kusema ilivyo kwa mama yangu, kwenye simu za jioni.

Limebaki jambo moja dogo. Cheti chake kimechapwa leo asubuhi kikiwa na nafasi moja tupu, ile ya mtu wa kupigiwa simu likitokea lolote. Zamani angemwandika binti yake, lakini miaka yote amewaambia wateja wasimwandike mtu atakayekuwa analia pembeni yao, na safari hii binti atakuwa wodi ya wazazi. Alisema atafikiria, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta nimeshaandika jina langu na namba yangu, ambayo haitazimwa mchana wala usiku. Penye uhusiano, vidole vilitaka kuandika “mtoto”, lakini fomu haitaki uongo, na hilo tumefundishana wiki iliyopita. Nimeandika “jirani wa meza”, na muhuri nimeshagonga.