Mwanamkasi na Kuku wa Ghorofa ya Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, mgeni yule aliingia dukani bila hodi. Ilikuwa mwaka wa 1992, mvua inaipiga Likoni kwa hasira, na mlango wa Mzee Fondo ulikuwa wazi. Alikuwa kijana mwenye magongo mawili, amelowa chapachapa. Akayaegemeza magongo ukutani, akakaa juu ya kreti la soda, akawatazama watoto wawili waliokuwa wakicheza gemu. Kisha akasema, "Bibie, nduguyo anakufa na wewe unashiba."

Bibie huyo alikuwa Mwanamkasi Tsuma. Ndiye tunayemkumbuka leo. Mwanamkasi Tsuma, fundi wa mabuibui, aliyezikwa Likoni Jumanne iliyopita.

Ndugu aliyekuwa akifa ni Rashid, mdogo wake. Duka lilikuwa la mjomba wao, Mzee Fondo, na ndiyo maana binti wa miaka kumi na minne aliruhusiwa kusimama mbele ya mashine ya gemu bila watu kusema.

Kwa wale ambao hamkuiona, niieleze mashine hiyo. Watu wawili wanapigana bega kwa bega. Wanapanda jengo la majambazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka kwa bosi wao. Kila mmoja ana damu yake, mstari mwekundu juu ya kioo. Ukivunja pipa, huenda akatoka kuku wa kuchoma. Anayemla, damu yake hurudi. Damu ikiisha, umekufa. Hapo mashine inahesabu kutoka tisa kwenda sifuri, na ukitia sarafu nyingine unafufuka.

Bibi yao hakulipenda neno hilo. "Mwenye kufufua ni Mungu," alisema, "si kabati la Fondo."

Watoto wa Likoni walijua heshima moja tu: kumaliza bila kufufuka. Sarafu moja kila mtu, mpaka bosi aanguke. Mwishowe mashine huandika jina la aliyebaki amesimama. Hakuna aliyewahi kufika hapo. Mwanamkasi alilitaka jina hilo kuliko nguo ya Idi.

Mgeni aliitwa Nicanor. Kwao Taita, kazi yake Bombolulu, kwenye karakana ya walemavu, akitengeneza bangili za shaba. Alikuwa amemletea Mzee Fondo mzigo wa kuuza. Mvua ilipokataa kukatika, Rashid alimwambia acheze. Siku hiyo Rashid na Nicanor walifika juu kuliko Rashid alivyowahi kufika na dadake.

Tangu hapo, kila Jumamosi Rashid alimngojea Nicanor. Tangu hapo Mwanamkasi akawa mtazamaji.

Wasikilizaji wapendwa, wivu ulimshika binti yule kama homa, mchana anatetemeka, usiku anawaka. Alikuwa amemlea Rashid mgongoni. Alikuwa amemfundisha kufunga viatu na kusoma alifu. Sasa Rashid anacheka na mtu wa Bombolulu, na kicheko chenyewe kipya, dada mtu hakijui. Jumamosi moja aliyaficha makubadhi ya Rashid juu ya paa. Rashid akaenda miguu mitupu.

"Wewe huna ndugu kwenu?" alimwuliza Nicanor.

"Ninao. Wako Wundanyi."

"Basi si ukacheze nao?"

"Kule hakuna gemu, bibie. Kuna baridi na kabichi."

Jumamosi iliyofuata alimpelekea chai, ameitia chumvi. Nicanor akainywa mpaka chini. Akafuta midomo, akasema, "Chai ya pwani ina bahari ndani." Rashid akacheka tena kile kicheko. Mwanamkasi akaenda kulia chooni.

Lakini macho ya wivu yanaona mengi. Akiwa amekaa pale pembeni, aliona jambo. Kuku akitoka, Nicanor hamgusi. Anamtazama Rashid ana damu kiasi gani. Mwenye damu kidogo ndiye anayekula. Yeye Mwanamkasi alikuwa akimrukia kila kuku aliyetoka, na nduguye akifa njaa ubavuni mwake. Akaona, na chuki ikazidi, maana yule mtu alisema kweli.

Kisha ikaja habari kwamba mashine inahamishwa kwenda Ukunda. Imebaki Jumamosi moja. Duka likajaa watoto. Nicanor akafika, akasimama mbele ya kijiti cha kuchezea, akageuka.

"Bibie, njoo ushike."

"Mimi?"

"Huyu ni nduguyo. Lakini niahidi kitu kimoja. Kuku ni wa mwenye damu kidogo."

Kumwahidi mtu yule, kati ya watu wote! Mwanamkasi akakishika kijiti. Kisha akasema, "Wallahi, nakuahidi."

Walicheza. Ghorofa baada ya ghorofa, sarafu moja kila mtu. Wakafika kwa bosi. Damu ya Mwanamkasi ilikuwa uzi. Ya Rashid, nusu ya uzi. Pipa likavunjika, na kuku akaangukia miguuni pa Mwanamkasi.

Rashid, ambaye leo ana mvi, ametusimulia. "Nilijua atakula. Namjua dadangu. Nikamsikia ananiita kwa jina langu la utotoni, 'Kula, Chidi.' Akanipisha. Bosi akampiga palepale."

Mashine ikaanza kuhesabu. Mkononi alikuwa na sarafu nyingine. Watoto wakampigia kelele, "Itie! Itie!" Mwanamkasi akafumba kiganja mpaka sifuri.

Rashid alimwangusha bosi peke yake. Mashine iliandika jina moja. Watoto walimbeba Rashid mabegani hadi njia ya feri.

Msidhani wivu ulikwisha siku ile. Rashid alipooa, dadake ndiye aliyeshona gauni la bi harusi. Mahfoudha, mke wa Rashid, anasema hivi: "Wifi alilibana, makusudi. Wali wa harusi yangu nilikula nimesimama. Lakini nilipougua baada ya kuzaa, ni yeye aliyenilisha kwa mkono wake. Chungu kikibaki haba, alisema ameshakula. Sikuwahi kumwona akila."

Tunawapa pole Rashid, Mahfoudha na ukoo wote wa Tsuma. Mungu amrehemu Mwanamkasi. Nanyi mnaotusikiliza, leo mkikaa kula, mtazameni aliye pembeni yenu ana damu kiasi gani.

Rashid anasema siku ile ya ushindi, alipotoka mabegani mwa watoto na kurudi dukani, aliwakuta wawili tu mbele ya meza ya mjomba, Nicanor na dadake.

"Nipikie chai, bibie," Nicanor alikuwa akisema.

Sukari ya nyumbani ilikuwa imekwisha. Mwanamkasi akafumbua kiganja, akampa mjomba wake ile sarafu, akanunua sukari.